Mtoto wa Watu

Mama alizaa wanaume wanne,
na kila mmoja wetu alipotoka
wanawake wa ukoo walitazamana.
Si kwamba hawakutupenda.
Walikuwa wakihesabu.

Hapa Sohra, ambako hatuiombi mvua inyeshe
bali ipumzike walau Jumapili,
nyumba humfuata kitinda mimba, akiwa binti.
Hupewa jiko, kitanda cha mama,
mifupa ya mabibi chini ya jiwe la ukoo,
na wazazi wanaochakaa, na kaka mlevi,
na dada aliyeachika akirudi na watoto watatu.
Wageni husema, bahati iliyoje!
Hawajamgeuza baba aliyepooza, ubavu hadi ubavu, miaka tisa.

Na binti asipokuwepo?
Urithi hupanda ngazi moja, ukashukia upande wa pili:
dada wa mama, kisha binti yake wa mwisho.
Ndivyo Iadaphi alivyoteremka kwenye basi la saa tisa,
siku ya tatu baada ya maziko,
miaka ishirini na miwili, kikapu cha machungwa,
vitabu vya uuguzi kavifunga nailoni visilowe.

Mimi Kitbok, seremala, kifungua mimba,
ndiye niliyeshika funguo.
Mlango ule niliuranda kwa msonobari niliouchagua ungali umesimama.
Bawaba nilinunua kwa ujira wangu wa kwanza,
maana ujira wa kijana asiyeoa ni wa mama yake,
na akishaoa, ni wa mkewe na binti zao.
Kwa mama mkwe naitwa mtoto wa watu.
Nalala kwao, nala kwao,
nina msumari wangu wa kutundikia koti.
Haya, nihesabie mali yangu:
randa, patasi, misumeno miwili, mmoja butu.

Nilimnyooshea funguo nikiangalia ukuta.
Hakuzipokea.
Alikata popoo, akapaka chokaa jani la tambuu,
akanipa mimi kwanza, kama apewavyo mgeni,
au mwenyeji, sikujua yupi.
Kwetu hatusemi fulani kafa,
twasema yuko uani kwa Mungu, anatafuna popoo.
Tukatafuna, wawili hapa na mmoja kule.

"Kaka, chuo kinafunguliwa Jumatatu.
Nikikataa, nani anafuata?"
"Dada yako. Yule mwenye duka Shillong."
"Atapangisha."
"Atapangisha."
"Na mjomba Phrang asiyeona, atalala wapi?"
Chumba cha nyuma mtu akakohoa,
kikohozi cha mtu anayejifanya hasikii.

Hapakuwa na wakili wala muhuri.
Alivua viatu, akachochea moto,
akauliza mjomba hunywa chai ya vijiko vingapi.
Hivyo tu, akarithi.
Vitabu bado vimo ndani ya nailoni, juu ya kabati.
Nikipita hapo sivitazami.

Hawezi kuuza hata ubao bila neno langu,
nami siwezi kulala mle asiponitandikia.
Yeye ana nyumba, mimi nina kinywa.
Wazee walilifunga fundo hili wakiwa na akili timamu,
au wakiwa wamelewa, sijaamua.

Juzi usiku nilikorofishana na mke wangu,
nikatoka na mwavuli wenye mbavu mbili zilizovunjika.
Nikasimama mbele ya mlango nilioutengeneza,
maji yakinitiririka mgongoni,
nikijiuliza kama napaswa kubisha hodi.
Nilibisha.
Ulikwama. Mti hunywa mvua, nao huvimba.
Yeye akavuta toka ndani, mimi nikasukuma toka nje,
mpaka ukaachia kwa mlio, tukataka kuanguka wote.

"Kaka," akasema, kanga usingizi, taa mkononi,
"huu mlango wako unanitesa."

Wako, alisema. Sikumsahihisha.
Asubuhi nilileta randa.